Masta ya kilimo sawa, ila shamba la Fukayosi usiuze!

Wiki hii yule jamaa wa Kinondoni aliyefumaniwa na mashemeji zake avute subira kidogo. Yake yapo mezani, tena yameiva, nitayamwaga. Lakini kuna barua imenifika (inakuja kwa WhatsApp, ila mimi bado naiita barua) nikaona hii hailali. Isomeni wenyewe:

“Shikamoo Mjomba. Mimi ni msichana wa miaka 26, nakaa Sinza kwa dada yangu. Nina digrii ya kilimo mwaka wa tatu sasa, na kazi yangu mpaka leo ni uwakala wa pesa za simu, kibanda chenyewe si changu. Nimeona nafasi za kusoma masta ya kilimo endelevu na roho yangu imependa. Baba ana ekari sita Fukayosi, mbili za mananasi. Amejitokeza mteja kutoka Mbezi anazitaka zote. Kaka zangu wanataka ziuzwe, wao wapate bajaji, mimi nipate ada. Baba amesema nikikubali mimi, anaweka dole gumba. Mjomba, hiyo masta inalipa, au nitarudi kibandani na vyeti viwili?”

Jina ninalo, silitoi.

Nilitaka kumjibu palepale, maana mdomo wangu mnaujua. Lakini hilo dole gumba likanikaba koo. Ekari sita za mzee wa watu zinamsubiri binti, binti ananisubiri mimi, na mimi kilimo nilichowahi kukifanya ni mchicha wa kwenye makopo ulioishia tumboni kwa kuku wa jirani. Nikamwomba namba ya baba yake. Jumamosi nikapanda gari.

Watoto wa mjini wengi mnadhani Bagamoyo inaishia kwenye magofu ya Kaole na pweza wa kukaanga. Aa wapi! Pale Bagamoyo unaishika barabara ya Msata, lami ya kilomita 64 inayokwenda kukutana na njia kuu ya Arusha bila wewe kuiona Chalinze. Njiani kuna Makurunge na Mto Ruvu, kisha Fukayosi, na ukijisogeza mbele ni Kiwangwa yenyewe, kwenye yale mananasi mnayoyalilia Kariakoo. Zamani, lami haijafika, mtu wa Dar ukimpa ekari kule anaona umemtukana. Siku hizi kila hatua unakutana na nguzo ya saruji, na madalali wa viwanja wamekaa kivulini wanapepesa macho kama kunguru.

Na si wa viwanja peke yao. Hapo Makurunge kwenyewe, kwenye ardhi ya iliyokuwa ranchi ya Razaba, walikuja Waswidi katikati ya miaka ya 2000 na mipango ya miwa ya maelfu ya hekta. Mradi ukakwama, hati ikafutwa mwaka 2016, kesi ikaenda mpaka kwenye usuluhishi wa kimataifa, na leo miwa unayoiona upande huo ni ya Bakhresa. Nayasema haya ili ujue mpwa wangu kwamba ardhi ya kwenu wenzako wanaitolea macho kutoka mbali sana. Mteja wa Mbezi ni samaki mdogo tu.

Basi nikafika. Mzee nimemkuta kavaa msuli na fulana ya kampeni ya mwaka sijui gani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, karibu. Ndiye wewe Mjomba wa gazetini? Mie nilidhani mtu mnene.”

Tukacheka, tukaingia shambani. Mzee si mtu wa maneno mengi lakini shamba lake analijua kama kiganja chake. Akanionyesha mananasi ya juu, makubwa, yamesimama kama askari wa gwaride. Akanishusha bondeni: madogo, mengine majani yamekuwa mekundu na kunyauka kama yamekalia jiko. Akanipeleka nyuma, kwenye kipande alichokilima mananasi matupu miaka na miaka bila kukipumzisha. Pale hata nanasi la kumpelekea mgonjwa hupati. Akanionyesha na pori la ng'ambo, lililokatwa, nusu limeenda mkaa wa Dar na nusu limegeuka mashamba mapya, kwa sababu ya zamani yamechoka.

“Nikamuuliza binti yangu,” anasema, “wewe umesoma, niambie, haya ya bondeni yana nini? Akanijibu, baba, inategemea. Nikamuuliza, inategemea nini mwanangu? Kimya.”

Alisema bila kinyongo, anacheka. Mimi ndio sikucheka. Pale bondeni, viatu vimejaa tope, nikaona kwamba jibu la barua mzee kishalisema bila kujua.

Sikiliza mpwa wangu. Digrii ya kwanza inakufundisha kwamba “inategemea”. Wala si kosa lako, ndivyo ilivyo. Unapitishwa kila mahali, udongo kidogo, wadudu kidogo, uchumi kidogo. Masta ndiko unakokaa na kujua inategemea nini. Kwa kawaida ni miaka miwili. Wa kwanza unakaa darasani, wa pili unashika swali moja, moja tu, unalifia shambani mpaka likupe jibu lenye namba. Ukitoka hapo, kwenye usaili hawakuulizi tena ulipata alama gani. Wanakuuliza ulifanya utafiti wa nini. Wenzako wengi hapo ndipo wanapoanza kujikuna, maana swali lao walilitoa kwenye tasnifu ya mtu mwingine maktaba, wakabadilisha jina la wilaya.

Wewe swali lako linalimwa na baba yako.

Hebu liangalie hilo la bondeni. Nanasi halipendi miguu yake ikae majini. Udongo ukituamisha maji, mizizi inaoza. Inaweza kuwa hiyo. Lakini majani kuwa mekundu na kunyauka kunaweza kuwa ugonjwa unaoletwa na wale wadudu weupe wanaoonekana kama wamepakwa unga. Na hao wadudu wana walinzi! Sisimizi wanawachunga kama ng'ombe, wanalamba utamu wanaoutoa na kuwafukuza maadui zao. Ukimpulizia mdudu dawa ukamwacha sisimizi, umefanya kazi ya bure na hela umetoa. Kile kipande cha nyuma nacho, je, kinahitaji mbolea ya dukani, samadi, kunde za kulaza chini, au kupumzishwa tu? Ukipanda kunde katikati ya mistari, nanasi linaonaje? Ukipanda kukatisha mteremko badala ya kufuata mteremko, udongo unabaki kiasi gani? Hapo nimehesabu tasnifu nne na bado sijamaliza ekari mbili.

Ndiyo maana ya kilimo endelevu, msomaji wangu wa Masaki unayedhani ni semina za hotelini: huyu mzee alime hapohapo, na mjukuu wake naye alime hapohapo, bila kufukuza pori.

Liko na la bei. Mananasi yakikomaa kwa pamoja, barabara nzima ya Msata inakuwa ya njano, mnunuzi anashusha bei anavyotaka na mengine yanaozea njiani. Kumbe nanasi unaweza kulipangia lini litoe ua! Wakulima wa visiwa vya Azores, huko Ureno, karne ya 19, waliona kwamba moshi ukiingia kwenye vibanda vyao vya vioo mananasi yanatoa maua kwa mkupuo. Baadaye wataalamu wakajua siri ni hewa ya ethilini iliyomo kwenye moshi, na leo mashamba makubwa duniani yanatumia dawa za namna hiyo kupanga mavuno. Je, kwa mkulima mdogo wa Fukayosi, kwa mvua zetu za vuli na masika, inalipa au inamla? Anayeweza kujibu hilo kwa namba hakosi watu wa kumsikiliza.

Sasa kuna mtego, na huu usikilize vizuri. Nanasi lina kiburi. Ukipanda chipukizi leo, unasubiri kama mwaka mmoja na nusu hivi ndipo ule tunda. Masta yako ni miaka miwili, na mwaka wa kwanza uko darasani. Piga hesabu mwenyewe. Mwanafunzi asiye na shamba atakuta muda umemtupa mkono, atabaki kuandika kuhusu “mitazamo ya wakulima”, dodoso mkononi, kwa sababu dodoso halihitaji kukomaa. Wewe unaweza kupanda mistari yako ya majaribio kabla hata barua ya chuo haijatoka. Ukiingia mwaka wa pili, wenzako wanatafuta pa kupanda, wewe unatafuta mzani wa kupimia. Na unataka kuuza hilo shamba ili ulipie masta? Mpwa wangu, hiyo ni kuuza nyavu ununue boti!

Mnaopenda mifano, ninayo.

Nenda Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, kilichozaliwa rasmi mwaka 1984 na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine miezi michache tu baada ya ajali iliyomuua. Pale alikuja kijana wa Kibelgiji, Herwig Leirs, akawafuatilia panya shamba wa Morogoro kwa ajili ya uzamivu wake. Panya! Wale wanaokufukulia mahindi yako usiku. Yeye na wenzake wakaonyesha kwamba mvua zikiwa nyingi mapema, Novemba na Desemba, mwaka unaofuata kuna uwezekano wa panya kufumuka. Maana yake mkulima anaweza kujiandaa kabla. Leirs akaja kuwa profesa Antwerp, na SUA yenyewe ikawa kituo kikubwa cha elimu ya panya Afrika. Hapohapo SUA ndipo shirika la APOPO linapofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akaenda kufanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu Uingereza. Hebu fikiria, panya wa Morogoro amepata ajira nje na wewe bado uko kibandani. Nakutania tu, usinune.

Mwingine ni Mtanzania mwenzetu, Dk. Joseph Ndunguru. Uzamivu wake ulikuwa juu ya virusi vya batobato, ugonjwa wa mihogo. Mihogo hiihii ya kuchemsha mnayoiita chakula cha uswazi. Akaja kuongoza kituo cha utafiti wa kilimo pale Mikocheni, na baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA. Mihogo ndiyo iliyomfikisha. Na pwani yetu ina deni la mihogo la siku nyingi: ugonjwa wa michirizi kahawia, ule unaokuacha unaona majani yamependeza kumbe mzizi ndani umeoza, ulielezwa na mtafiti Storey pale Amani, Tanga, mwaka 1936. Mpaka leo unatusumbua. Kwa hiyo ekari nne za baba yako ambazo hazina mananasi nazo zina swali lake, na muhogo haumuweki mtu mwaka na nusu. (Ukisikia wataalamu wa Pwani wanasifia Kiroba, tulia. Hiyo ni mbegu ya muhogo. Vile viroba vingine vilipigwa marufuku mwaka 2017.)

Mfano wa tatu nautoa ili usije ukaniambia nilikudanganya. Janet Maro alisomea kilimo hapohapo SUA, na akiwa bado mwanafunzi, mwaka 2009, akaanza kazi na wakulima wa milima ya Uluguru. Mwaka 2011 wakaanzisha Sustainable Agriculture Tanzania, SAT, ambayo leo inafundisha wakulima na kuajiri vijana wa kilimo. Hakungoja masta ndio aanze kuushika udongo. Kitu ninachokipenda zaidi kwao ni kwamba wameshirikiana na SUA ili wakulima ndio watoe maswali, halafu wanafunzi wa uzamili wayafanyie utafiti na kuwarudishia majibu. Yaani lile swali la baba yako, “inategemea nini mwanangu?”, kuna watu wameligeuza kuwa utaratibu wa kazi. Wabishie hodi.

Sasa tuje kwenye mshiko, maana najua hapo ndipo roho inapodunda. Ada ya masta ni mamilioni, na bado hujala, hujalala, hujapima udongo maabara. Mkopo wa elimu ya juu ule mliozoea umewalenga zaidi wa digrii ya kwanza, usiutegemee. Njia wanayopita wengi ni hii: maprofesa wana miradi, na miradi inakuja na nafasi za kusomesha wanafunzi. SUA ipo, na Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa mwaka 2012, ambayo ni ya uzamili na uzamivu na ina kilimo endelevu ndani yake. Wako RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wenye makao Kampala, na DAAD ya Wajerumani. Hao wote wanapokea maombi ya watu wengi wenye vyeti vizuri kama vyako. Kwa hiyo usimwandikie profesa “naomba ufadhili”. Mwandikie ukurasa mmoja: nina shamba, nina tatizo hili, nimepanda mistari hii tarehe hii, picha hizi hapa, naomba unisimamie. Profesa mwenye mradi naye ana presha. Anatafuta mwanafunzi atakayemaliza.

Na baada ya hapo? Sikufichi, serikalini nafasi si nyingi kama watu, na wako wenye masta wanaozurura na bahasha za kaki. Ila hebu uone milango: TARI na vituo vyake, Chambezi kikiwa hapohapo Bagamoyo, kwenye historia ndefu ya minazi, TPHPA, watu wa uthibiti wa mbegu, TOSCI, halmashauri, TAHA na Kituo cha Mboga cha Dunia kule Arusha, IITA pale Mikocheni, na TOAM, wale wa kilimo hai, wenye nembo ya Kilimohai inayotumika Afrika Mashariki tangu 2007. Tena wakaguzi wa mazao ya kilimo hai wanatafutwa na wanunuzi wa nje, na kazi hiyo unaifanya umevaa gambuti, si tai. Mwenye swali lake, namba zake na shamba la kuonyesha, hao wanampigia simu wenyewe.

Kuhusu kaka zako, nimekutana nao. Ni vijana wazuri, bajaji si dhambi. Lakini kauli ya mkubwa, kwamba “huyu ataolewa, shamba litaenda kwa watu”, niliijibu palepale nikakaribia kukosa chai. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mzee akitaka, anaweza kwenda serikali ya kijiji kufuatilia hatimiliki ya kimila, na akaamua majina gani yaingie. Nilimwambia mbele yao. Akauliza gharama, akauliza mara mbili, nikaona hili limeingia.

Tena nikamuuliza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza tangu mteja wa Mbezi aje na gari lake jeupe: “Mzee, wewe ukiuza, unakwenda wapi?” Akatazama bondeni kwa muda. Akasema, “Kwa dada yake Sinza, chumba kimoja.”

Basi mpwa wangu, fanya hivi. Mwambie baba dole gumba alipumzishe. Ukodishe au mlime nusu kwa nusu na kaka zako ile sehemu ya muhogo, bajaji moja ipatikane humo taratibu. Omba kwa baba mistari kumi bondeni na kumi juu. Chipukizi za ukubwa mmoja, nafasi sawa, daftari moja, tarehe kila unapogusa jani. Kabla ya vuli ziwe ardhini. Halafu ndipo uandike ule ukurasa mmoja wa profesa, na nakala uniletee mimi nikusahihishie Kiswahili, Kiingereza atakusahihisha mwenyewe.

Kibandani endelea kwanza, nauli ya Fukayosi hailipwi kwa utafiti. Na ukija kuleta hiyo nakala njoo na mananasi mawili. Ya juu, tafadhali, yale ya bondeni bado tunayachunguza.

Wiki ijayo, jamaa wa Kinondoni na mashemeji.